Mwanangu bado anatembea: tuchukue nyumba ipi?

Swali: "Mwanangu ana miaka minane. Mwaka juzi aligunduliwa kuwa na Duchenne, ule ugonjwa wa kudhoofika misuli. Anatembea, ila anaanguka mara kwa mara na ngazi hapandi bila kushikwa mkono. Mkataba wa nyumba tunayoishi unakaribia kwisha na tumepata nyumba mbili. Moja ni ya chini, ya zamani, ina ngazi tatu mlangoni na bafu jembamba lililopakana na stoo. Nyingine ni fleti mpya ghorofa ya nne: milango mipana, bafu la kisasa, lifti ipo. Mimi moyo wangu uko kwenye fleti. Mume wangu anasema kutafuta nyumba ya kiti cha magurudumu wakati mtoto anatembea ni kumtabiria mabaya. Tufanyeje?"

Jibu: Mama, chukueni ile ya chini, mradi ifaulu vipimo nitakavyovitaja hapa. Isipofaulu, endeleeni kutafuta. Ghorofa ya nne ningeiacha hata kama bafu lake linang'aa, na sababu zake nitazieleza. Mimi ni mtaalamu wa tibakazi, yaani namsaidia mtu mwenye ulemavu aendelee na shughuli zake za kila siku. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuingia kwenye nyumba za watu nikiwa na futi kamba mkononi, kwa hiyo usishangae nikizungumza zaidi juu ya sentimita kuliko juu ya dawa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa nyumba ya mwanao inapaswa kuufuata. Katika Duchenne mwili hautengenezi distrofini, protini inayoilinda misuli isichanike inapofanya kazi, na misuli huchakaa kidogo kidogo. Vinavyotangulia kuondoka ni kupanda ngazi na kuinuka kutoka sakafuni. Kutembea kwenye sakafu tambarare hubaki kwa muda baada ya hapo. Zamani, kabla ya matibabu ya steroidi kuzoeleka, wavulana wengi waliacha kutembea kabla ya kufika miaka 13. Dawa hizo zimeisogeza siku hiyo mbele, kwa wengine miaka miwili, kwa wengine zaidi. Baadaye mikono nayo huchoka, uti wa mgongo unaweza kupinda, na kuelekea mwisho wa ujana kupumua usiku huhitaji msaada wa mashine. Watoto hutofautiana, na daktari wa mwanao ndiye anayemjua. Lakini mpangilio huo, miguu kwanza, kisha mikono, kisha pumzi, haubadiliki sana, na unatosha kutuongoza kuchagua kuta na milango.

Sasa kuhusu baba yake. Simlaumu. Wazazi wengi husogeza mbali kila kitu kinachofanana na kiti cha magurudumu, wakitumaini kwamba kisipotajwa kitachelewa. Mwambie hivi: nyumba isiyo na ngazi inamfaa kwanza mtoto anayetembea. Mwanao hataamka siku moja akiwa "hatembei". Kwa miaka kadhaa atakuwa katikati, akitembea ndani ya nyumba na kutumia kiti akienda shule au mbali, asubuhi akiwa na nguvu na jioni miguu ikiwa imeisha. Katika kipindi hicho adui mkubwa ni kuanguka. Steroidi hudhoofisha mifupa, na mtoto aliyevunjika mfupa wa paja mara nyingi hazirudii tena hatua alizokuwa nazo. Kizingiti kilichoondolewa, kishikio ukutani, taa ya korido inayowaka usiku, hivi vyote humrefushia siku za kutembea. Kama ni utabiri, basi ni utabiri wa kumtakia heri.

Kuna sababu nyingine ya kuhama mapema, na hii ndiyo ninayoisisitiza kwa kila familia. Wengi husubiri mpaka mtoto ashindwe kabisa, kisha hutafuta nyumba ndani ya wiki mbili, baba akiwa amechoka, mama akiwa hospitalini, na huchukua chochote kilicho wazi. Ninyi mna muda. Utumieni kuchagua yale ambayo fundi hataweza kuyabadilisha baadaye: usawa wa nyumba na ardhi, ukubwa wa vyumba, mahali bafu lilipo, uimara wa dari na uhakika wa umeme. Vishikio, bawaba, rangi, kitanda cha hospitali, hata kupanua mlango mmoja, vyote hivyo huja kwa awamu kadiri pesa inavyopatikana.

Ukiitazama kwa jicho hilo, fleti inapoteza mvuto. Kila kizuri ulichokisifu ndani yake, yaani milango na bafu, ni kitu ambacho nyumba ya chini inaweza kutengenezewa. Kibaya chake, urefu wa ghorofa nne, hakuna fundi atakayekiondoa. Lifti ikikatika leo unambeba mtoto mgongoni. Ikikatika akiwa na miaka 14, yuko kwenye kiti cha umeme ambacho chenyewe kina uzito wa zaidi ya kilo 100, na hapo hakuna jirani wa kuitwa. Atakaa juu mpaka fundi wa lifti aje, au atakwama chini akitoka shule. Moto ukizuka lifti haitumiki kabisa. Nimeona familia zilizoishi vizuri kwenye majengo yenye lifti mbili, jenereta inayozibeba zote mbili na uongozi unaojibu simu usiku. Kama lile jengo liko hivyo, dharau yangu itapungua. Kama lina lifti moja, sina la kuongeza.

Haya, twende kwenye zile ngazi tatu. Pima kimo chote kuanzia ardhini hadi usawa wa sakafu ya ndani. Usipime ngazi moja ukazidisha kwa tatu, kwa sababu mara nyingi hazilingani. Tuseme umepata sentimita 48. Kanuni inayotumika katika viwango vya nchi nyingi ni mteremko wa 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Sentimita 48 zinadai rampu (njia ya mteremko ya kupitishia kiti) ya karibu mita sita, ukiongeza sehemu tambarare ya mita moja na nusu juu, mbele ya mlango, na nyingine kama hiyo chini. Uwanja unazo? Zikikosekana kwa mstari mmoja, rampu inaweza kukunjwa mara moja, kwa sharti kwamba kwenye kona pawe na sehemu tambarare ya kugeuzia. Angalia pia mlango wa nyuma, kwa maana katika nyumba nyingi za zamani sakafu ya nyuma iko karibu zaidi na ardhi. Kuna mafundi watakaokwambia rampu ya mita mbili inatosha. Kwa kimo hicho, rampu ya mita mbili ni hatari: mwanao hataipanda mwenyewe, na anayemsukuma anaweza kushindwa kukizuia kiti kikishuka. Kimo kikizidi sana kuna majukwaa ya umeme yanayopanda wima, ila yanarudisha hoja ya umeme na matengenezo.

Milango. Kipimo unachokitaka ni nafasi ya kupita mlango ukiwa wazi, wala si upana wa mbao. Mlango wenye sentimita 80 ukifunguliwa nyuzi 90 hupunguza kama sentimita nne kwa unene wake. Lengeni sentimita 80 halisi kama kiwango cha chini, na 90 pale inapowezekana, hasa mlango unaofunguka kwenye korido nyembamba ambako kiti lazima kikate kona. Zipo bawaba maalumu zinazousogeza mlango wote nje ya njia, na mlango wa kuteleza ukutani hufanya kazi hiyo hiyo. Kizingiti kisizidi sentimita moja na kidogo. Kugeuza kiti kunahitaji duara la mita moja na nusu, na viti vikubwa vya umeme huhitaji zaidi. Beba chaki, chora duara hilo sebuleni, chumbani na mwisho wa korido, uone litakapogonga ukuta.

Bafu ndilo litakaloamua. Nikiwa na saa moja tu ndani ya nyumba, dakika arobaini naweza kuzimalizia bafuni, kwa sababu huko ndiko mtoto huanguka, ndiko migongo ya wazazi huharibika, na ndiko heshima ya kijana mwenye miaka 15 hulindwa au hupotea. Picha ninayotaka uwe nayo kichwani ni hii: kijana mrefu kama baba yake, ameketi kwenye kiti cha kuogea chenye magurudumu, mtu mmoja amesimama nyuma yake na kuna nafasi ya kuzunguka upande mmoja. Hilo linataka sehemu ya kuogea ya kama mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, bila beseni kubwa la kujilaza na bila ukingo wa kuzuia maji. Sakafu nzima inainama kuelekea shimo la maji kwa mteremko mdogo, kama sentimita mbili kwa kila mita. Kwenye choo, upande mmoja uwe wazi sentimita 90 hivi ili kiti kisimame sambamba. Chumba chenye mita mbili kwa mita mbili na robo ndicho kidogo kabisa ninachoweza kukikubali bila kulalamika.

Bafu lenu jembamba halifiki hapo, lakini limepakana na stoo, na stoo hiyo ndiyo iliyonifanya niipendelee nyumba ya zamani. Swali ni moja: ukuta ulio katikati unabeba nini? Mleteni fundi mwashi mzoefu, na akisitasita mleteni mhandisi, atazame kama ukuta huo unashikilia paa au zege la juu. Kama haubebi kitu, unavunjwa, na mnapata bafu ambalo fleti haitalipata kamwe. Kama unabeba, bado inawezekana kuweka boriti, ila gharama hupanda na mwenye nyumba ataanza kusita. Muulize fundi jambo la pili pia: bomba la maji machafu linapita wapi na kina chake kikoje? Kushusha shimo la maji chini ya sakafu ya zamani wakati mwingine ni kazi kubwa kuliko kubomoa ukuta. Msiruhusu vigae viwekwe kabla ya tabaka la kuzuia maji kukamilika chini yake. Na wakati kuta ziko wazi, wekeni mbao au vyuma imara sehemu zitakazofungwa vishikio baadaye. Kishikio kilichofungwa kwenye ukuta dhaifu ni kibaya kuliko kukosa kishikio, kwa kuwa mtu hukiamini.

Nimeitaja migongo, na sitaki nipite haraka. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka kilo 16 hivi kuwa kikomo cha uzito ambao mhudumu anapaswa kuinua kwa mikono anapomhamisha mgonjwa, tena katika mazingira mazuri. Mtoto wa miaka minane kwa kawaida ameshapita hapo, na steroidi huongeza uzito. Wewe na mumeo mtabeba kwa sababu ya upendo, na siku mmoja wenu akiumia mgongo, nyumba nzima itasimama. Mashine ya kuinulia itakuja, ni suala la lini. Ya kusukuma kwa magurudumu inataka sakafu laini, nafasi kubwa pembeni ya kitanda, na kitanda chenye uwazi chini ili miguu yake iingie. Ya kuning'inia kwenye reli ya dari inachukua nafasi ndogo zaidi na mtu mmoja anaiendesha, lakini dari lazima ihimili: zege au boriti imara, si mbao nyembamba za kushikia dari. Kwa hiyo mkiwa kwenye nyumba hiyo, inueni macho. Kama chumba cha mtoto kinaweza kuwa ukuta kwa ukuta na bafu, reli moja siku moja itamtoa kitandani hadi kwenye maji bila kubebwa na mtu. Hilo likiwezekana, mngepaswa kusamehe mengine mengi.

Chumba chake kiwe karibu na chenu. Kijana mwenye Duchenne iliyokomaa hawezi kujigeuza usingizini, na atawaita usiku, pengine mara kadhaa. Mpeni chumba kikubwa kuliko mnavyodhani anahitaji sasa hivi. Kitajaa kitanda, kiti, mashine na meza ya masomo. Dirisha liwe na ukingo wa chini, aone nje akiwa ameketi. Swichi za taa ziwe kimo ambacho aliyeketi anazifikia, chini ya sentimita 120.

Umeme watu huusahau kwa sababu leo mtoto hatumii mashine yoyote. Kiti cha umeme huchajiwa usiku kucha. Mashine ya kupumulia ikija, betri yake ya ndani huhimili saa chache tu. Hakikisheni waya za nyumba hiyo ya zamani zimekaguliwa, nyaya za ardhi zipo, chumba cha mtoto kinaweza kuongezewa soketi, na kuna mahali penye hewa pa kuweka inveta na betri zake. Ukaguzi huu fanyeni kabla ya kutia saini, maana kubadilisha waya za nyumba nzima ni gharama inayoweza kugeuza uamuzi wote.

Halafu toka nje. Kutoka mlangoni hadi barabarani kuna nini: changarawe, mtaro, kilima? Shule iko umbali gani, na gari linaweza kusimama wapi karibu na mlango? Nyumba za rafiki zake je? Wataalamu hatuulizi hili mara nyingi inavyostahili. Mtoto anayeweza kutoka mwenyewe akamfikia rafiki yake anahitaji vifaa vichache zaidi vya kumchangamsha kuliko yule aliyefungiwa kwenye nyumba kamilifu.

Wazazi wengine wanaosoma hapa wana watoto wenye magonjwa mengine yanayoendelea, na msichukue vipimo hivi kama vilivyo. Mtoto anayepoteza mizani ya mwili, kama katika ataksia ya Friedreich, kwa muda hufaidika na korido yenye kuta za kushika pande zote mbili, wakati anayepoteza uoni anahitaji kwanza mwanga na rangi zinazotofautiana kati ya sakafu, ukuta na mlango. Muulizeni daktari kitakachotangulia kupungua ni nini, kwa kasi gani, na ni mashine zipi zinaweza kuhitajika. Majibu hayo ndiyo yampe fundi kazi.

Mama, kwenda kuitazama nyumba mwende naye. Mkiazima kiti cha magurudumu, kipitisheni tupu kila mlango, na mtoto akitaka kukaa akae, asipotaka asilazimishwe. Mwambieni ukweli unaolingana na umri wake: tunatafuta nyumba ambayo miguu ikichoka haitakusumbua. Watoto wa miaka minane wanajua ngazi zinawashinda. Kinachowatisha zaidi ni kuona wakubwa wananyamaza wanapoingia chumbani. Mwachieni achague jambo la kweli, mathalani kitanda kikae upande gani.

Limebaki la mwenye nyumba. Kabla ya kusaini, pateni kibali cha maandishi kwa rampu, kwa ukuta wa stoo na kwa vishikio, pamoja na maelezo ya nani analipia nini na kama mtatakiwa kurudisha nyumba ilivyokuwa mkiondoka. Ombeni mkataba wa miaka mingi kadiri mnavyoweza. Hakuna maana ya kujenga bafu katika nyumba mtakayotolewa baada ya mwaka mmoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayostahili kuwa ni ubaguzi, na nchi nyingi zimeuridhia, ingawa uzito wake kwa mwenye nyumba binafsi hutegemea sheria za nchi yenu. Chama cha watu wenye ulemavu kilicho karibu nanyi kitajua, na huenda kikajua pia kama kuna ruzuku ya kurekebisha nyumba. Kwa uzoefu wangu, mwenye nyumba hulainika haraka zaidi akionyeshwa mchoro wa rampu nadhifu na akielezwa kwamba bafu jipya linabaki kuwa lake.

Akikataa rampu, nyumba hiyo iacheni hapo hapo, hata kama mengine yote yamefaulu. Na kabla hamjamwambia wakala wa ile fleti kwamba hamuitaki, muulizeni jambo moja: kwenye jengo hilo hilo, hakuna ya chini itakayokuwa wazi miezi michache ijayo? Milango yake itakuwa na upana ule ule.